Bundu Ndani ya Rejeta

Mume wangu alikuwa na wake wawili: mimi na gari. Nimelisema hili mbele ya watu mara nyingi, naye hucheka tu, kwa sababu anajua ni kweli. Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, la kale, refu kwa nyuma, jeupe lililogeuka njano, na lilitengenezwa kabla mimi sijaanza shule. Alilipata kwa mzee mmoja wa Kasese aliyekuwa amelichoka. Ndilo lililonichukua siku ya harusi kutoka kwa mama yangu kule Kyondo, mlimani, likanileta Bwera, ambako tunaishi mpaka leo. Mimi nauza vitenge sokoni. Yeye aliendesha lori la kahawa miaka mingi, akaacha, akafungua duka la misumari na mabati, lakini moyo wake ulibaki chini ya boneti.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Gari likikataa kuwaka, yeye huliinamia na kuliuliza kwa upole lina shida gani. Mimi hulipiga gurudumu teke na kwenda zangu kwa miguu. Basi tumeishi hivyo, yeye akibembeleza na mimi nikifoka, na watoto wakijua nani wa kumwendea wakitaka nini.

Lakini habari ninayotaka kuandika ni ya macho ya mama.

Kwetu Wakonzo, watu wa mlimani mpakani na Kongo, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono wala hawakai benchi moja. Akitaka kumwambia jambo, humwambia mtu mwingine amwambie, hata kama wote watatu wamesimama pamoja na kila mmoja anasikia. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine hukumbatiana na wakwe zao mlangoni mwa kanisa, nami huona haya kwa niaba yao. Mama hakulegeza chochote. Siku ya posa alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Siku ya harusi alijifunika kitenge usoni. Kisha macho yakaanza kuingia wingu, kwanza la kulia, halafu la kushoto, na miaka ikaenda.

Kwa hiyo mama hakuwahi kumwona mume wangu. Alimjua kwa kikohozi na kwa harufu ya grisi.

"Ni mtu wa namna gani?" aliniuliza siku moja tukichambua kahawa uani kwake. Yeye alikuwa akichambua kwa vidole, akitupa punje mbovu bila kukosea.

"Mama, umekaa naye uwanja mmoja miaka yote hii."

"Nilikuwa naangalia chini," akasema.

Mama hana Kiswahili. Maneno yake yote humu ni ya Lukonzo, nimeyageuza mwenyewe, na kama yanapoteza ladha kosa ni langu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, tulipokuwa tumeshazoea kusikia kila kitu redioni kabla hakijatufikia. Redio ikatangaza kwamba madaktari wa macho wangekuja hospitali ya misheni kule Kisinga kwa siku chache, wapasue mtoto wa jicho. Nikampigia simu jirani wa mama, akampelekea simu. Mama akasikiliza, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema anaogopa giza.

Mama yangu ni mwanamke aliyezika mume na kulea watoto peke yake kwenye mteremko ambao mbuzi wenyewe huteleza. Sijawahi kumsikia akiogopa kitu. Nilikaa chini palepale kwenye marobota ya vitenge nikalia, na mteja akaondoka.

Shida ilikuwa kumteremsha. Boda boda ilikwisha kumwangusha miaka ya nyuma, nyonga ikapona vibaya, mguu haukunjiki kupanda pikipiki tena. Magari ya kukodi huishia senta, penye maduka. Huko juu kwake, barabara ikiwa na tope, hayapandi. Kubebwa kwenye machela alikataa katakata, akasema machela atapanda akishakufa. Na kumleta kwetu Bwera mapema alale, hilo halikusemwa hata, kwa ajili ya mila niliyoieleza. Ilibaki njia moja, kumfuata siku ileile asubuhi. Mume wangu akasema, "Nitampeleka mimi."

"Kwa hilo?" nikauliza.

"Kwa hili," akajibu, na akalipapasa bati.

Mama aliposikia ni gari gani, akakubali mara moja. Lile lililomchukua binti yangu, alisema, linaijua njia.

Tuliondoka Bwera asubuhi na mapema. Tambarare hakukuwa na neno. Tulipoacha lami na kuanza kupanda Kyondo, mume wangu akaanza kutupia macho dirisha dogo kwenye dashibodi, lile la joto la injini, lenye mshale ambao ukilala kushoto injini ni baridi na ukilala kulia inachemka. Mshale ulitakiwa ukae katikati. Ulikuwa umeshapita katikati. Akasimama, akafungua boneti, tukaona maji yakidondoka chini ya rejeta, tone baada ya tone. Rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini. Ikivuja, gari halifiki mbali. Tukachota maji kijitoni, tukajaza, tukasimama tena, tukajaza tena, na kwa mwendo huo tukafika uani kwa mama jua likiwa limeshapanda.

Hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani halingetokea popote pengine duniani.

Madereva wa kwetu wana dawa yao ya rejeta inayovuja. Hutia ndani yake kiganja cha unga wa muhogo, ule tunaopikia bundu, ugali wetu. Unga ukikutana na maji ya moto unavimba, unakwenda kuziba tundu, na mtu anafika anakokwenda. Ni kiganja tu, tena kidogo. Mume wangu anajua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote. Akaniambia nimwombe mama unga kidogo.

Mama akaingia ndani akipapasa ukuta. Alikaa huko kitambo. Akatoka na bakuli lake kubwa la mbao, lile la wageni, limejaa unga mweupe hadi juu, na ameulainisha juu kwa kiganja kama anavyofanya anapompelekea mtu zawadi.

"Mpe huyo mwana," akasema. "Mwambie ndio wa mwisho kusagwa, ni mzuri."

Nikampa mume wangu bakuli. Akaliangalia. Kwetu chombo anachokupa mama mkwe hukirudishi na kitu ndani. Ni chakula chake, umepewa kwa heshima, ukibakiza umemwambia hakikukuridhisha. Nilimwona anafikiri. Mama alikuwa amesimama pale mlangoni, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Usithubutu," nikamnong'oneza.

Akatia kiganja cha kwanza. Akatia cha pili. Akatia bakuli zima, akikoroga kwa kijiti na kuongeza maji, mpaka likabaki tupu, akalipangusa kwa mkono na kunirudishia.

"Mwambie mama asante. Umetosha."

Na kweli tone likakoma. Majirani wakasifu. Mimi niliingia garini nimekunja uso, nikamketisha mama nyuma, upande wangu, mbali na dereva. Kabla ya kuwasha, mume wangu alikishika kile kioo cha kutazamia nyuma akakigeuza kikaangalia dari, ili macho yake yasikutane na mama hata kwa bahati mbaya.

Mteremkoni gari lilitulia. Tulipofika tambarare mshale ukaanza kupanda. Akawasha hita, maana hita hunyonya joto la injini na kulimwaga kwa abiria. Upepo wa moto ukatupiga usoni, na nje jua lenyewe lilikuwa linawaka.

"Mwambie huyo mwana gari lake linapika," mama akasema huko nyuma.

"Mama anasema gari linapika."

"Mwambie avumilie kidogo, tunafika."

"Anasema uvumilie."

"Nimemsikia. Mshale ni nini, huo mnaoutaja kila mara?"

Nikamweleza. Akataka kujua upo wapi. Nikamwambia umepita katikati. Baada ya hapo kila tulipovuka daraja au kona aliuliza, "Mshale uko wapi?" nami nikimtajia. Halafu ghafla hita ikaacha kuleta moto, ikaleta upepo wa baridi, na mama akashukuru. Mume wangu hakushukuru. Rangi ilimtoka. Baadaye alinieleza kwamba hita ikipoa wakati mshale unapanda, maji hayazunguki tena, yamekwama mahali. Lakini wakati ule alisimamisha gari tu kando ya barabara, na mvuke ukatoka mbele kwa sauti kubwa.

Kilichokuwa kimekwama, bila shaka mmeshakijua. Bundu lilikuwa limeiva.

Tulikaa pale muda mrefu. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, mvuke unambabua mtu uso, kwa hiyo hakuna cha kufanya ila kungoja ipoe. Mume wangu akaenda shambani kwa watu, akaomba jani la mgomba, akaja nalo. Mama alikuwa amekaa karibu naye kuliko mimi, mlango wazi, jua linampiga. Akazunguka gari lote akanipa mimi hilo jani, ili mimi nimkinge mama. Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha nikamfokea, nikamwambia kama heshima yake ingekuwa ndogo kidogo tungekuwa tumeshafika.

"Punguza sauti," akasema. "Atakusikia."

"Asikie!"

"Tafadhali," akasema. "Mama watoto, nakuomba. Mwambie mimi fundi mbovu. Mwambie gari ni bovu. Lakini asijue kamwe kwamba ni unga wake."

Nilimtazama. Jasho limemlowesha shati, mikono myeusi, na anachoogopa si mimi wala hospitali. Anaogopa mwanamke asiyewahi kumwangalia asije akaumia moyo. Nikarudi kumkinga mama kwa lile jani. Nimeolewa naye miaka mingi, lakini nadhani siku ile ndiyo niliyompenda hasa.

Tulifika Kisinga alasiri, tukisimama na kujaza, tukisimama na kujaza. Madaktari walikuwa wamemaliza, vyombo vimeshafungwa, gari lao linapakiwa. Muuguzi mmoja, msichana mpole, alimmulika mama macho kwa tochi hapo barazani. Akasema la kulia halina cha kufanya tena. La kushoto bado linaona mwanga na linafaa kupasuliwa, lakini tusilikawize, maana likikaa sana linaweza kupandisha presha ndani na kuzima kama mwenzake. Watarudi, akasema, baada ya miezi kadhaa. Tusikilize redio.

Mama akasema hakuna neno. Njia nzima ya kurudi hakuuliza mshale uko wapi.

Miezi ile ilikuwa mibaya. Kila nilipopanda Kyondo nilimkuta amesogea hatua moja ndani ya giza. Akaacha kuchambua kahawa uani kwa kuwa hakujua tena jua limefika wapi. Akaanza kunijua kwa nyayo, halafu siku moja hakunijua hata kwa nyayo, akauliza, "Ni nani?" na mimi nimesimama mbele yake. Nilishuka mlima ule nikilia kwa sauti kama mtoto, watu wakinipisha.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, mume wangu alivua shati jeupe akaingia chini ya gari, akafungua bomba la chini la rejeta. Hakikutoka kitu. Akachokoa kwa waya. Kikatoka kipande cha kijivu, kinanata, kikaanguka kwenye karai. Kuku wakaja.

Akaitoa rejeta nzima, akaifunga kwenye gunia, tukaipeleka Kasese kwa mzee mmoja Mwislamu anayelehemu rejeta nyuma ya soko. Yule mzee akavaa kofia yake vizuri, akachungulia ndani, akanusa.

"Eh! Mzee, nani alipika humu?"

"Ni unga kidogo," mume wangu akasema.

"Kidogo? Hii radieta iko na chakula ya watu kumi! Ungeniletea na samaki basi."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Mzee akataka kujua ni mjinga gani aliyetia unga wote huo. Nikasubiri. Mume wangu akajipangusa uso, akasema, "Ni mimi, mzee. Nilikosea kipimo."

Waliifungua rejeta vichwa, wakasukuma vyuma vyembamba ndani ya kila kijibomba, wakailehemu pale ilipovuja, wakaijaza maji na kuiziba ili waone kama inashika. Ikashika. Kutoka pale mume wangu hakutaka tena kuziba-ziba. Alisema sasa atairudishia injini kila kitu ilichozaliwa nacho. Mipira ya maji iliyopasuka kingo akaitupa, akaweka mipya. Mkanda wa feni akaukaza mpaka ukawa unabonyea kidogo tu chini ya kidole gumba. Kifuniko cha rejeta kilichochoka springi akakibadilisha. Kisha akagundua kwamba injini haina thamostati, kile kikopo kidogo kinachofungua njia ya maji injini ikishapata moto. Mafundi wa huku huwa wanakitoa na kukitupa, wanasema nchi ya joto haikihitaji.

Kwa magari ya Kifaransa vipuri viko upande wa Kongo. Nikaenda mimi, kwa kuwa wenzangu wa vitenge wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe wananijua. Mama mmoja mwenye kibanda cha vipuri akanitolea thamostati iliyofungwa kwenye karatasi.

"Mama, iyi iko ya kweli," akasema. "Iko ya Bulaya, ya zamani. Utaitia mu maji ya moto, utaiona inafunguka. Kama haifunguke, muirudishe. Mimi niko hapa, siendi fasi yoyote."

Nilipofika nyumbani mume wangu akachukua sufuria yangu ya chai, nzuri kuliko zote, bila kuomba, akaibandika kwenye sigiri na kuning'iniza kile kikopo ndani kwa uzi. Nilikuwa tayari kumvaa. Lakini maji yalipokaribia kuchemka, kikopo kikafungua mdomo polepole kama kifaranga, na yeye akaniangalia kwa furaha iliyonivua hasira yote. Chai ya sufuria ile ilikuwa na ladha ya chuma kwa wiki nzima.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutoa hewa. Ukijaza maji mapya, hewa hujificha ndani na kuzuia maji yasizunguke. Akaliegesha gari pua ikiwa juu, akafungua kijiskurubu cha juu, injini ikinguruma taratibu, akawa anaukamua mpira kama anakamua ng'ombe, na povu linatoka. Mimi niliketi ndani, mkono mbele ya tundu la hita, kazi yangu ikiwa kumwambia upepo ni baridi au moto.

"Baridi," nikasema. "Baridi. Baridi bado."

Kisha ukaja joto, la vuguvugu kwanza, halafu moto kamili kwenye kiganja.

"Umekuja!" nikapiga kelele, na nikajikuta nacheka. Akainua kichwa nyuma ya boneti, uso umejaa masizi, akacheka naye.

Alilijaribu gari kwenye mlima wa Karambi. Ili uzito uwe sawa, akaweka gunia la maharage kwenye kiti cha nyuma, upande wangu. Nilimwona kwa macho yangu mawili: kabla ya kuondoka, aligeuza kioo kikaangalia dari.

"Hayo ni maharage," nikamwambia.

"Nazoea," akajibu.

Tulipanda na kushuka mpaka jua likaelekea Kongo. Mshale ulisimama katikati, haukutikisika.

Redio ilipotangaza tena, tulikuwa Kyondo alfajiri, umande bado majanini. Mama alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kigoda nje. Magotini ameshika lile bakuli la mbao, limejaa unga, umelainishwa juu.

Akasema, "Mpe huyo mwana. Mwambie nimemwekea wa gari, maana safari ile ulisaidia."

Mume wangu akalipokea kwa mikono miwili kutoka kwangu. Akakohoa.

"Mwambie mama wasingya," akasema, ndiyo asante yetu. "Mwambie leo gari limeshiba. Huu tutaula sisi na watoto."

Mama akatabasamu. Kila kona ya mteremko alikuwa akiuliza mshale uko wapi, nami nikimjibu katikati, mama, uko katikati, na kila nilipojibu alikuwa akisema "Ehe" kwa sauti ndogo. Tulifika Kisinga wa kwanza kwanza. Walimpasua siku hiyohiyo. Yeye akalala wodini, mimi chini kwenye mkeka, na mume wangu garini nje ya lango.

Asubuhi yule muuguzi msichana akamfungua bandeji. Nilikuwa nimejipanga mbele, nimejifunga kitenge changu chekundu kuliko vyote ili kama kuna cha kuonekana kionekane. Mama akafumbua jicho, akalifumba tena, machozi yakamtoka.

"Mwanga ni mwingi," akasema. Basi, hakusema zaidi. Muuguzi akamvika miwani myeusi, akasema jicho bado limevimba, kuna wanaoona siku hiyo na kuna wanaochukua siku kadhaa, na wengine, akasita kidogo, wengine haliwarudii lote. Nikamuuliza mama, "Unaniona?" Akanipapasa uso kwa mkono kama alivyozoea. Sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Mume wangu alituona tunakuja, akaniangalia usoni, nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akageuza kioo kikaangalia dari. Tukaondoka.

Tulipoanza kupanda nilishika pochi yangu kwa nguvu, naangalia nje, migomba ya watu inapita, kahawa inapita, na ndani yangu naomba na kugombana na Mungu kwa pamoja. Injini ilivuta vizuri. Tulikuwa tumeshapita nusu ya mlima ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma.

"Mwambie huyo mwana mshale uko katikati."

"Mama anasema mshale uko katikati," nikamwambia mume wangu, kwa mazoea tu, kabla sijaelewa nilichosema.

Mume wangu akaondoa mguu kwenye mafuta. Nikageuka. Mama alikuwa ameishusha ile miwani kidogo puani, shingo ameinyoosha kati ya viti viwili, anaangalia dashibodi. Kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

Nikamshika mkono kati ya viti. Yeye akageuza uso tena mbele, akatazama juu.

"Na hicho kioo mbona kinaangalia dari? Mwambie akishushe. Dereva gani haoni nyuma?"

Nikamwambia. Mume wangu alisitasita, kisha akanyoosha mkono wenye alama za grisi na kukishusha kioo mahali pake. Hawakugeukiana na wala hawakusemeshana. Lakini ndani ya kile kioo kidogo nilimwona mama anamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza, mvi zake, paji lake, macho yake mekundu yaliyokesha garini, na nikaona macho ya mume wangu yanajaa na kumwagika.

"Mwambie afute machozi," mama akasema taratibu. "Aangalie barabara."

Nikamwambia.